Koplo Lukindo Ajifunza Kukaa

Tu!

Kisigino kiligonga sakafu ya chumbani mara moja, kwa kishindo cha kinu kilichoangushwa. Kikafuata kimya kifupi. Halafu ikaja sauti nyingine, ndogo, ambayo Nakijwa aliifahamu kuliko ile ya kwanza: pumzi ya mwanamume anayeuma kola ya shati lake ili asipige kelele.

Nakijwa alikuwa uani anasugua sufuria. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na redio ya jirani ilikuwa imeanza wimbo wa taifa. Hakuhitaji kuingia ndani kutazama. Aliita kutoka pale pale alipochuchumaa.

"Baba! Umesimama tena?"

"Nani amesimama? Nimekaa."

"Umekaaje?"

"Nimekaa wima."

Wimbo wa taifa wa Jamhuri ya Fahari una beti kumi na moja, kwa sababu kila waziri wa utamaduni huongeza ubeti wake na hakuna aliyewahi kuthubutu kupunguza wa mwenzake. Koplo Lukindo alisimama beti zote kumi na moja, mikono imebana mapajani, kidevu juu, jasho likimtiririka mgongoni kufuata njia ya kovu. Redio iliponyamaza, Nakijwa aliingia, akamshika kwapani, akamlaza kitandani taratibu kama anavyolazwa mtoto aliyepitiwa na usingizi. Mzee alitazama dari kwa macho ya mtu aliyetimiza wajibu.

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja kabla ya mtihani.

*

Kwa faida ya wasomaji wa nchi nyingine, ambako bila shaka mambo kama haya hayatokei, ni vizuri kueleza kidogo.

Miaka tisa iliyopita Jamhuri ya Fahari ilipigana na nchi jirani, ambayo jina lake ni kosa kulitaja, kugombea kisima cha kunyweshea ng'ombe. Vita vilichukua wiki kumi na moja. Kisima kilikauka wiki ya pili, lakini barua ya kuarifu jambo hilo ilipitia ngazi zote zinazostahili, ikafika wizarani baada ya ushindi. Siku hiyo ya ushindi Mheshimiwa Mlezi Mkuu alipanda jukwaani, machozi ya furaha yakimlengalenga, akatamka: "Ndugu wananchi, tumeshinda bila mkwaruzo!"

Lilikuwa neno la mtu aliyechangamka, basi. Lakini neno la Mlezi Mkuu huchapwa katika gazeti la serikali kesho yake, na likishachapwa ni sheria. Kuanzia asubuhi ile ikawa hakuna aliyekwaruzwa. Majeruhi mia nne waliokuwa wamelazwa katika Hospitali ya Jeshi waliamshwa, wakapongezwa kwa afya zao njema, wakapewa fulana, wakaonyeshwa geti. Shule zote zikaletewa wimbo wa Sikukuu ya Bila Mkwaruzo, na Nakijwa, ambaye ni mwalimu wa darasa la tatu, huufundisha mpaka leo kwa sababu umo katika muhtasari:

*Tulikwenda tukarudi, hakuna aloumia,*
*Kama mtu hakurudi, mwenyewe kajibakia.*

Watoto huuimba vizuri sana. Mizani yake haina kasoro, vina vyake vimekaa mahali pake. Hilo ndilo linalomchoma mwalimu wao kuliko yote, kwamba hata uongo ukipimwa silabi unatimia.

Mambo yakakaa hivyo hadi walipokuja wageni fulani wenye kalamu, wakauliza kwa nini katika Jamhuri hii wanaume wa umri mmoja wanachechemea kwa namna moja. Serikali haikukasirika. Iliunda Bodi. Ikaitwa Bodi ya Kuthibitisha Maumivu, na kwa kuwa kisheria hakuna aliyejeruhiwa, Bodi ikabuni jina jipya lisilomvunjia mtu heshima: Aliyejikwaa Akielekea Ushindini. Mwenye chongo alijikwaa. Asiye na miguu yote miwili alijikwaa vibaya. Aliyethibitishwa kuwa amejikwaa hupewa fidia pamoja na kadi ya manjano, na kadi hiyo hufungua geti la Hospitali ya Jeshi, ambako ndiko peke yake katika Jamhuri nzima wako watu wanaoweza kupitisha kisu karibu na uti wa mgongo wa binadamu bila kumwua.

Kadi hiyo ndiyo Nakijwa aliyokuwa akiitafuta. Fidia wangeweza kumpa mbuzi.

"Kuna chuma," daktari wa wilaya alikuwa amemnong'oneza, baada ya kufunga mlango, dirisha, na kabati. "Ukubwa wa punje ya mahindi. Kiko hapa, pembeni kabisa ya uti wa mgongo. Kila anapojinyoosha kwa ghafla kinasogea."

"Kikifika ndani?"

"Miguu itakwisha. Na baada ya miguu, mwalimu, mengine." Daktari alifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Kitolewe kabla masika hayajaisha. Na asisimame kwa kishindo. Nakuomba sana. Atembee polepole, ainame, ajiegemeze, lakini asisimame kwa kishindo."

Katika cheti aliandika kwamba mgonjwa alimeza kijiko kwa uzembe, maana vipande vya mabomu havimo katika orodha ya vitu vinavyopatikana ndani ya watu wa Jamhuri.

*

Sasa, mtihani wenyewe.

Mwenyekiti wa Bodi alikuwa Brigedia Daktari Shebuge, tabibu mashuhuri ambaye hakuwa amemgusa mgonjwa tangu alipopandishwa cheo. Alikuwa na nadharia yake, na ilichapwa katika ukurasa wa kwanza wa Mwongozo wa Aliyejikwaa: "Mdomo hudanganya. Picha ya eksirei hudanganya. Damu nayo, tukisema kweli, hudanganya. Mwili ulioapa haudanganyi." Kwa hiyo mwombaji huketishwa kwenye kigoda, na Brigedia humpigia amri za paredi. Akisimama, ni mzima. Asiposimama, amejikwaa. Mtihani huu haukuhitaji dawa, kitanda, wala sindano, na Brigedia alipewa nishani kwa kubana matumizi.

Lakini mtu aliyekuwa askari, umkate, umchome, umpige risasi, ukishamwambia "mguu sawa" atasimama kwanza halafu ndipo akumbuke kwamba ana maumivu. Walianguka mtihani kwa mamia. Mtaani kwa kina Nakijwa aliyefaulu alikuwa mmoja tu, mpishi wa zamani wa kikosi, ambaye alisinzia katikati ya amri.

Jirani yao, Sajini Mbelwa, aliacha mkono wake wa kulia kule kisimani. Alikwenda mbele ya Bodi akiwa na matumaini makubwa, maana mkono usiokuwepo alidhani hauna ubishi.

"Brigedia akaniambia, 'Heshima toa,'" alisimulia, akiwa amekaa sebuleni mwa Koplo Lukindo, anapuliza chai. "Mimi nikajiambia, Mbelwa, tulia. Nikatulia. Nikatazama chini, nikaona kigutu kinapanda chenyewe. Mwanangu, nilikishika kwa mkono wa kushoto, nikakiomba kishuke. Kikapanda mpaka hapa, usawa wa sikio."

"Wakaandika nini, baba mdogo?"

"'Mkono wa kulia unafanya kazi.'"

Koplo Lukindo alicheka mpaka akashika mgongo. Sajini naye akacheka. Nakijwa aliwaangalia wazee hawa wawili wakicheka, akainuka kwenda kuongeza sukari ambayo haikuhitajika.

Aliporudi alikuwa amekwisha kuamua.

"Baba, kuanzia leo tunafanya mazoezi. Utajifunza kukaa."

"Najua kukaa."

"Hujui."

"Nimekaa hapa."

"Mguu sawa!" Nakijwa akasema.

Koplo hakutikisika hata unyusi. Alimtazama binti yake kwa huruma. "Mama, hiyo ni sauti ya kuuza maandazi. Amri haiombwi. Amri inatoka huku chini," akajigusa tumbo, "inapita puani, inatoka kama mlango uliobamizwa. Hivi unavyosema wewe hata kuku hawezi kusimama."

"Mguu SAWA!"

"Afadhali. Kuku angefikiria."

"Ngoja," Sajini Mbelwa akaweka kikombe chini. Akavuta pumzi. Kilichotoka kifuani mwake hakikuwa sauti ya mzee anayekunywa chai. "Kikosiii! Mguu... sawa!"

Tu! Koplo Lukindo alikuwa wima. Na pembeni yake kigutu cha Sajini, kilichosikia amri iliyotoka katika kifua chake chenyewe, kilikuwa usawa wa sikio.

Hakuna aliyecheka safari hii. Koplo alishuka kitini kidogokidogo, uso wake umekuwa rangi ya majivu, na ilimchukua muda mrefu kuachia kola ya shati.

*

Siku ya tatu walijaribu pamba masikioni. Lakini Mwongozo, ukurasa wa tisa, ulisema kwamba asiyesikia atajaza fomu ya masikio, na Bodi ya masikio ilikuwa haijateuliwa. Siku ya tano walijaribu kumfunga kwa kanga kwenye kiti. Alisimama na kiti. Siku ya saba Nakijwa alikuwa amepata sauti. Aliifanyia mazoezi shuleni, mstarini, hata mwalimu mkuu alipokuwa akipita mbali na faili zake alijikuta amebana mikono mapajani. Alirudi nyumbani akamsimamia baba yake aliyemzaa, akambwatukia kama anavyobwatukiwa kuruta, na kila alipobwata, mzee alisimama, na kila aliposimama, punje ile ya chuma ilisogea. Nakijwa alilijua hilo. Lakini mbele ya Bodi angesimama vilevile, na hapo isingekuwepo tena njia ya kwenda hospitalini. Basi alibwata, akalia jikoni, akarudi akabwata tena.

"Unanifundisha uasi ndani ya nyumba yangu," Koplo alisema siku ya kumi, kwa hasira ya kweli.

"Nakufundisha kuishi, baba."

"Mimi ni koplo wa Kikosi cha Nne. Sijakaa mbele ya amri tangu nilipoapa."

"Na wao walitii kiapo gani walipokufukuza hospitalini na fulana?" Nakijwa alijisikia sauti ikimpanda, hakuishusha. "Unasimamia nini? Wimbo? Kisima kikavu? Niambie! Kila asubuhi unajiua kidogo kwa ajili ya redio ya watu, na redio yenyewe haikujui!"

Alikuwa hajawahi kumwambia baba yake maneno ya namna hiyo. Aliziba mdomo. Koplo aliegemea ukuta. Kisha akamwonyesha kwa kidevu kabrasha la barua juu ya meza.

"Leta bahasha yoyote yenye stempu."

Katika stempu za Jamhuri ya Fahari, kila mmoja anajua, kuna askari wanne wamesimama mbele ya kisima, kifua mbele, na chini yake maneno *Bila Mkwaruzo*. Nakijwa alikuwa amezilamba stempu hizo maisha yake yote. Hakuwahi kumtazama vizuri yule wa kushoto, mwenye alama mbili begani.

"Ndiye mimi," Koplo alisema. "Anayefuata ni Senzota. Halafu Kilumanga. Halafu Dastani, yule mfupi. Ilikuwa siku ya mwisho. Mpiga picha wa wizara alikuja na viatu safi, akataka picha ya ushindi kabla jua halijawa kali. Upande wa pili walikuwa bado wanapiga. Luteni akaniambia mimi, mimi nikawaambia wao. Mguu sawa. Senzota akasema, 'Koplo, wanapiga bado.' Unajua nikamjibu nini?"

Nakijwa aliisogeza bahasha karibu na macho.

"Nikamwambia, 'Senzota, kidevu juu.'"

Nje watoto walikuwa wanagombea mpira wa makaratasi.

"Picha ilitoka nzuri," akaendelea. "Ni nusu sekunde ya mwanzo. Nusu ya pili wizara haikuihitaji. Mimi nilipata hii punje. Wao walipata iliyobaki. Na kwa kuwa hakuna aliyekufa, waliandikwa watoro. Mama yake Senzota ni mtu wa milimani kule. Alipotandika mkeka wa matanga, walikuja maofisa wakaukunja, wakamwambia mtoro haliliwi. Miaka tisa hajatandika. Sasa mwanangu unaniuliza nasimamia nini. Wao niliwasimamisha mimi. Mimi nikae?"

"Amri ile haikuwa yako, baba. Ilipita tu mdomoni mwako."

"Mdomo ni wangu."

Nakijwa alikaa sakafuni karibu na miguu ya baba yake, stempu mkononi. Akauliza, "Huyo Senzota alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mvivu." Koplo alitabasamu kabla hajajizuia. "Mvivu wa kutupwa. Akiambiwa achimbe handaki atakuuliza kwanza kama adui amethibitisha kuja."

"Angekuwa hapa sasa, Bodi ikakuita, angekuambia usimame?"

Mzee alifikiri, akaiangalia stempu.

"Senzota? Angesema, 'Kaa, Koplo. Wanapiga bado.'"

Siku iliyofuata, Sajini Mbelwa alipobwata kwa nguvu zake zote, magoti ya Koplo Lukindo yalitetemeka kama mtungi juu ya lori, mishipa ikamsimama shingoni, midomo ikachezacheza bila sauti. Lakini hakuinuka. Nakijwa aliyasoma maneno yale midomoni mwake. Alipiga kigelegele hata majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

*

Bodi ilikutana katika ghorofa ya tatu, ngazi sitini na mbili. Mwongozo ulikuwa wazi: asiyefika juu hakuhudhuria, na anayefika juu amethibitisha kwamba anaweza kupanda ngazi. Kwa hiyo Sajini kwa mkono wake mmoja na Nakijwa kwa miwili walimbeba Koplo hadi ngazi ya mwisho, wakamshusha hapo, ili aonekane amefika kwa shida ya wastani. Viatu vyake walikuwa wameving'arisha kimoja tu. Aliyeng'arisha vyote viwili huhesabiwa kuwa anaweza kuinama, na asiyeng'arisha hata kimoja ana dharau.

Sajini alibaki mlangoni. Nakijwa aliruhusiwa kusimama ukutani, chini ya picha ya Mlezi Mkuu, kwa sharti la kutopumua kwa sauti.

Brigedia Daktari Shebuge alitoa hotuba fupi ya dakika ishirini. Alisema Jamhuri ina uchungu na wana wake. Alisema kujikwaa si aibu, aibu ni kujikwaa bila kibali. Alisema binafsi aliwahi kujikwaa, kwenye zulia, na kwamba anaijua hali. Kisha, katikati ya sentensi kuhusu maziwa ya unga, bila kubadili uso, akabamiza:

"Mguu sawa!"

Nakijwa alisikia visigino vyake mwenyewe vikigongana. Mlangoni kulikuwa na mchakacho wa mkono wa shati mtupu unaopanda.

Koplo Lukindo alikuwa amekaa. Mikono juu ya magoti, jasho linadondoka puani.

"Nyuma geuka!"

Amekaa.

Brigedia aliinuka, akaizunguka meza, akainama hadi mdomo ukakaribia sikio la mzee, akaitoa ile ya tatu ambayo ilikuwa imewaangusha mamia. "Heshima... toa!"

Kidole kimoja cha Koplo kiliruka. Midomo ilicheza. Amekaa.

"Amejikwaa," Brigedia alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja siku ya juma, akarudi kitini. Akavuta kadi ya manjano. Akaufungua mhuri. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu Nakijwa akaruhusu kichwa chake kifikirie mambo ya kijinga: baba anatembea kwenda sokoni, baba analalamika kuhusu bei ya dagaa, baba anazeeka.

"Jalada la kikosi lifungwe kwanza," karani akasema.

Alikuwa karani mwenye mafua, mtu asiye na ubaya na mtu. Utaratibu ulitaka kwamba kila mwaka jalada la kila kikosi lifunguliwe, majina ya watoro na ya mwombaji yaitwe, kisha lifungwe. Aliyeitikiwa kwa kusimama huandikwa yupo. Asiyeitikiwa huandikwa mtoro. Miaka tisa mfululizo karani aliyaita majina haya katika chumba kitupu, akajiandikia, akaenda zake kunywa chai.

"Praiveti Senzota!" akaita, akapenga kamasi.

Kimya.

Mhuri wa Brigedia ulikuwa hewani, juu ya kadi, anasubiri karani amalize. Karani alichovya kalamu. "Senzota," akajisemea, "mtoro, kama mwaka jana..."

Nakijwa aliona mgongo wa baba yake ukibadilika. Alitikisa kichwa, ingawa mzee hakuwa akimtazama. Hapana, baba. Hapana. Kaa tu, kidogo tu.

Koplo Lukindo hakuruka safari hii. Aliweka mkono mmoja kwenye goti, mwingine kwenye ukingo wa meza ya Bodi, akainuka polepole kama mtu mwenye muda wote wa dunia. Alijinyoosha kipande kwa kipande. Kisha, kwa hiari yake, akagonga kisigino.

"Yupo, afande!"

Karani alitazama jalada, akamtazama Koplo, akafungua Mwongozo, akasoma, akapenga tena. Utaratibu ulikuwa upande wa Koplo, maana haukusema nani aitikie. Aliandika: *yupo*.

"Kaa," akasema. "Kila jina na kusimama kwake. Praiveti Kilumanga!"

Aliposimama mara ya pili kitu kilisikika, kidogo, na Nakijwa hakujua kama kilitoka kwenye kigoda au kwenye mwili wa baba yake. "Yupo, afande!"

"Kaa. Praiveti Dastani!"

Mara ya tatu alitumia mikono yote miwili, na meza ya Bodi ikasogea. Kisigino hakikugonga, kiliburuzika. Lakini kidevu kilikuwa juu. "Yupo, afande!"

"Kaa. Koplo Lukindo!"

Mzee alikuwa ameketi, au tuseme kigoda kilikuwa kimemdaka. Aliweka mkono gotini. Aliweka wa pili mezani. Alisukuma. Alitazama miguu yake kwa mshangao wa mtu anayemwita jirani wa miaka mingi na jirani haitikii.

"Nipo," akasema.

"Kwa kusimama."

"Nipo, kijana. Nipo hapa."

Karani alisubiri muda unaotakiwa, kwa uaminifu, akitazama saa. Kisha akaandika. Brigedia alishusha mhuri, lakini si juu ya kadi ya manjano.

"Mwombaji amesimama mara tatu bila msaada," alisoma kwa ajili ya kumbukumbu. "Ni mzima. Mwombaji hakusimama kwa jina lake mwenyewe. Ni mtoro." Alimtazama Koplo kwa heshima fulani. "Hatujawahi kupata mtu mwenye sifa zote mbili. Hongera."

*

Walimlaza kwenye benchi la korido. Sajini Mbelwa alikwenda kutafuta mkokoteni, akishuka ngazi huku akitukana kwa sauti kila aliyehusika, kwa majina na vyeo, na hakuna aliyemkamata kwa sababu siku hiyo ilikuwa siku ya mapumziko ya wakamataji.

"Nakijwa. Miguu yangu iko wapi?"

"Iko hapa, baba. Nimeishika."

"Siisikii mikono yako."

Aliibana zaidi. Aliibana mpaka kucha zikaacha alama, na uso wa baba yake haukubadilika.

"Wameandikwa?" mzee akauliza.

"Wameandikwa."

"Wote watatu?"

"Wote watatu. Nimeona kwa macho yangu. Kwa wino mweusi."

Koplo Lukindo alifumba macho. "Mama yake Senzota atatandika mkeka," alisema. Baadaye kidogo: "Uliniona nilivyokaa?"

"Nilikuona."

"Amri tatu. Nilikaa vizuri?"

"Hakuna mtu katika nchi hii aliyewahi kukaa vizuri kama wewe." Sauti ilimkatika, na pale ilipokatika hasira ikajaza pengo. "Mbona hukuendelea, baba? Mhuri ulikuwa hewani. Hewani! Na hakuna aliyekuamrisha kusimama!"

"Ndiyo," akasema mzee kwa utulivu. "Ndiyo maana."

Nyuma ya mlango karani aliita mwombaji mwingine. Nakijwa alipiga magoti kando ya benchi. Hakunong'ona. Alitoa sauti kutoka tumboni, akaipitisha puani, ikatoka kama mlango uliobamizwa, ili aisikie baba yake, na Brigedia na zulia lake, na wote waliokuwa kwenye ngazi sitini na mbili.

"Baba! Mwakani jalada litafunguliwa, na jina lako litaitwa. Nitakuwa ndani ya chumba hicho. Nitasimama mimi. Nitaitika, 'Koplo Lukindo yupo, afande,' na mwaka unaofuata nitaitika tena, mpaka huyo karani astaafu, na akija mwingine nitamwitikia na yeye. Nakuahidi."